Mafundo ya Kushoto

Kitinda ana miaka arobaini na mmoja, ana watoto wawili waliomzidi kimo, ana kitambi anachosingizia kukaa mtamboni, na bado anaitwa Kitinda. Ni kifupi cha kitindamimba. Jina alipewa na dada yake kabla hajaota meno, likagoma kumtoka. Mwenyekiti wa ushirika anamwita hivyo. Muuza misumari wa duka la chini anamwita hivyo. Hata kwenye bango la karakana, pale palipoandikwa majina ya wafumaji wote, fundi wa maandishi alipaka KITINDA kwa herufi kubwa, na hakuna aliyeona ajabu.

Ukimtaja Kitinda lazima umtaje Dada. Dada amemzidi miaka tisa. Mama yao alipofariki, Kitinda alikuwa darasa la pili, na Dada ndiye aliyemsuka nywele, akamfulia sare, akamsainia ripoti za shule kwa saini ya kubuni ambayo walimu wote waliikubali. Baadaye akamfundisha kufuma. Alimkalisha upande wa pili wa mtambo, uso kwa uso, akamwambia, "Angalia mikono yangu. Usoni hakuna kitu." Ndivyo Kitinda alivyojifunza kila anachokijua: kwa kumtazama Dada kutoka mbele, kama mtu aliyesimama kwenye kioo. Hilo la kioo lishike. Ndilo lililomponza.

Karakana yenyewe iko ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Unapanda ngazi ya chuma inayolia kila ukikanyaga, unaingia kwenye chumba kirefu chenye mitambo sita ya mbao, madirisha upande mmoja, na harufu ya rangi ya mafuta inayopanda kutoka chini. Wanafuma taulo, mashuka na vitambaa vya meza. Mistari tu. Mteja akitaka kujitutumua, miraba. Mtambo wa Dada uko dirisha la mwisho, penye mwanga mzuri kuliko kote. Hakuna aliyempa hapo. Amekaa miaka thelathini, basi pakawa pake.

Siku moja Mwenyekiti, mama mrefu anayesoma kila kitu kwa sauti hadi maelezo ya kwenye pakiti ya sabuni, alisimama katikati ya chumba, simu mkononi. Kuna mwalimu anakuja kutoka Japani, alisema. Atakaa wiki tatu kwenye chuo cha ufundi cha mji wa pili. Atafundisha namna yao ya kutia rangi mtande, wenyewe wanaiita kasuri.

"Mtande mnaujua," akaendelea, na akaueleza vilevile, maana anapenda kueleza. "Zile nyuzi ndefu tunazotanda kwanza mtamboni, kabla mshindio haujaanza kupita katikati. Sasa wenzetu hawa wanazitia rangi kabla hata hazijafika mtamboni. Wanazivuta zikaze, wanazifunga sehemu sehemu kwa ukanda, wanakaza hasa, halafu wanazichovya kwenye nili, ile rangi ya bluu. Palipofungwa, rangi haiingii. Ukifungua, pamebaki peupe. Ukifuma, mchoro unajitokeza wenyewe."

"Wenyewe?" Huyo ni mfumaji wa mtambo wa tatu, anaitwa Redio, na sababu huhitaji kuambiwa. "Yaani maua yanakaa kwenye uzi kabla nguo haijawa nguo? Yanajuaje pa kukaa?"

"Yanajua kwa sababu ulifunga vizuri."

"Na nikifunga vibaya?"

"Yanakaa yanakotaka."

"Kama mume wangu," Redio akasema, na chumba kizima kikaangua kicheko.

Nafasi ilikuwa moja kwa kila ushirika. Ila mwalimu alitaka kuona kazi kwanza. Kila ushirika utume sampuli za watu wawili: mtande wa nyuzi themanini, ufungwe nusu yake kwa kufuata mchoro wa manyoya ya mshale uliotumwa. Usitiwe rangi. Usifunguliwe. Anataka kuona kufunga peke yake, basi. Mwenyekiti hakuuliza nani. Alinyoosha kidole kwa Dada, kisha kwa Kitinda, akarudi kwenye simu yake.

Walifungia nyumbani kwa Dada, Jumamosi mchana, nyuzi zimevutwa kutoka mguu wa meza hadi nondo ya dirisha. Walitumia ukanda wa plastiki wa kufungia vifurushi, wakauchana mpaka ukawa mwembamba kama jani la nyasi. Dada alivaa miwani yake puani, akawa anaviringisha huku anaimba kwa pua. Kitinda alikuwa na haraka. Kitinda ana haraka tangu azaliwe.

"Kaza, mdogo wangu. Hiyo yako inapumua."

"Imekaza, Dada!"

"Inapumua, nakwambia. Weka ukucha hapo uone."

Hakuweka ukucha.

Jumatatu Dada alikuwa na taulo za kumalizia, kwa hiyo Kitinda ndiye aliyekwenda ofisi ya vifurushi. Kila sampuli ilikuwa na lebo ya karatasi inayoning'inia kwa kamba, jina juu yake kwa kalamu ya wino. Mhudumu alitaka kupima uzito. Kitinda akazitoa mfukoni, akazilaza kwenye kaunta, na hapo ndipo alipoziona kwa mara ya kwanza zimekaa pamoja. Ya Dada ilikuwa imejipanga kama punje kwenye gunzi la mahindi. Ya kwake ilikuwa mdomo uliong'oka meno.

Mhudumu aligeuka kutafuta gundi. Alipogeuka tena, lebo zilikuwa zimeshabadilishana.

Ilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Tena tusimtafutie visingizio, maana yeye mwenyewe alijitafutia vya kutosha njiani kurudi. Kwamba Dada anajua kila kitu tayari, na anayejua hahitaji kufundishwa. Kwamba Dada hapendi kulala ugenini. Kwamba mtu mzima wa miaka arobaini na mmoja ana haki ya kwenda mahali angalau mara moja bila kufuata kisigino cha mtu. Hicho cha mwisho kilikuwa cha kweli, na ndiyo maana ndicho kilichomtia aibu zaidi.

Majibu yalikuja baada ya siku kumi. Yalikuwa kwa Kiingereza. Mwenyekiti akayasoma na kuyafasiri kwa sauti, ungetegemea nini.

"Wa kwanza, Kitinda. Mkono imara, wenye subira. Aje. Wa pili." Hapo akapunguza sauti, lakini alikuwa ameshaanza. "Mafundo ni malegevu. Rangi itapenya. Aanze tena tangu mwanzo."

Dada alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya aproni, akaitazama kwenye mwanga.

"Haya," alisema. "Macho yamechoka. Nilikuwa nahisi."

Kisha akainuka, akamkumbatia Kitinda mpaka mgongo ukalia. "Mdogo wangu kanipita! Nani alimfundisha huyu? Si mimi? Basi na mimi nimeshinda!" Akatia mkono mfukoni, akatoa mkasi wake mdogo wa kukatia nyuzi, ule wenye uzi mwekundu uliozungushwa kwenye mpini. Alikuwa nao tangu siku ya kwanza karakana. "Chukua. Ya huko itakuwa mikubwa, itakusumbua."

Kitinda akachukua. Angesemaje? Alifungua mdomo, ikatoka asante.

Chuoni walikuwa wanafunzi kumi na wawili, kila mmoja na benchi lake. Mwalimu walimwita Sensei. Mama mdogo wa umbo, nywele fupi, kucha zake zimeingia nili mpaka haitoki tena, na anazungumza kidogo kiasi kwamba mkalimani alikuwa anasinzia. Asubuhi ya kwanza kila mtu alikuta sampuli yake imevutwa mbele yake kati ya vigingi viwili.

"Anasema endeleeni pale mlipoishia," mkalimani alisema. "Anataka kuona mikono."

Kitinda akachukua ukanda, akaanza kuviringisha. Mzunguko mmoja, miwili. Akasimama. Fundo lake lilikuwa linazunguka upande huu, na mafundo yote yaliyotangulia, arobaini na kitu, yalikuwa yanazunguka upande ule. Yalikaa kama watu waliopeana visogo.

Ikamjia. Dada anafunga kwa shoto.

Ndiyo, unaweza kuishi na mtu maisha yako yote usijue hilo. Shuleni Dada alichapwa vidole mpaka akaandika kwa kulia. Anakula kwa kulia, anapeana mkono kwa kulia. Lakini uzi ukifika mikononi mwake, kushoto kunatangulia. Kitinda alikuwa amemtazama kutoka mbele miaka yote hiyo, na ukimtazama mtu kutoka mbele, shoto yake inakaa upande wa kulia kwako. Alikuwa anamwiga kioo.

Sensei alikuwa benchi la pili, anakuja. Hapo ndipo Kitinda angeweza kusema. Mlango ulikuwa wazi, mkalimani yupo, hakuna aliyemjua mjini kule. Badala yake alifungua fundo lake haraka haraka, akahamisha ukanda mkono wa kushoto, akaanza upya.

Na akiwa ameshaanza hivyo mbele ya Sensei, ikabidi aendelee hivyo. Wiki tatu. Mtu wa kulia, anajifunza ufundi mpya kabisa, kwa mkono usiojua hata kushika ufagio. Vidole vilichubuka. Ukanda ulimponyoka ukaruka mpaka benchi la jirani. Sensei alikuja, akatazama sampuli, akatazama mkono, akatazama sampuli tena, akasema jambo.

"Anauliza," mkalimani akapiga miayo, "kama huu mkono uliumia njiani."

"Mwambie umechoka na safari."

Sensei alitikisa kichwa taratibu, kukubali. Kesho yake Kitinda alikuta kichupa cha dawa ya kupaka kwenye benchi lake, kimefungwa kwa kitambaa safi. Hakuna mwingine aliyepewa. Alikaa anakitazama kile kichupa, akatamani kingekuwa tusi. Tusi angejua pa kuliweka.

Alijifunza lakini. Hilo tumpe. Alijifunza kupima mtande na kuuvuta kati ya vigingi usilegee hata uzi mmoja, maana uzi mmoja ukilegea mchoro wote unateleza. Alijifunza kutia alama kwa kijiti chenye wino, kufunga juu ya alama, kuchovya, kutoa, kuacha hewa ifanye kazi, kuchovya tena. Nyuzi zinatoka kwenye pipa zikiwa za kijani, kijani kibichi kabisa, halafu zinageuka bluu huku unaziangalia. Mara ya kwanza alipoona hivyo aligeuka nyuma kwa furaha kumwita Dada. Nyuma palikuwa na ukuta na ndoo.

Wiki ya tatu mkono wa kushoto ukashika. Mafundo yakakaza, yakapangana, yakawa karibu kama yale ya kwenye sampuli. Sensei akabonyeza moja kwa ukucha wake wa bluu, akatabasamu kwa mara ya kwanza. Siku ya kuondoka akampa kipande cha mtande alichofunga yeye mwenyewe, awaonyeshe wenzake. Kitinda akakitia chini kabisa ya begi na hakukitoa, kwa sababu mafundo ya Sensei yalizunguka kwa kulia, kama ya karibu kila mtu duniani.

Alirudi, akapigiwa vigelegele mpaka muuza misumari akapanda juu kuuliza kuna nini. Mwenyekiti akatangaza kwamba kuanzia Jumatatu kila siku mchana kuna darasa, mwalimu Kitinda. Wakavuta mtande kati ya nguzo mbili. Wakamzunguka. Kitinda akashika ukanda, na mkono uliokwenda mbele ulikuwa wa kushoto. Ndio pekee uliojua kazi.

"Ehe!" Redio akadakia. "Kumbe ni kwa shoto?"

Angesema hapana. Ilikuwa rahisi kama kusema hapana.

"Mnaweza kutumia wowote," alisema.

"Wewe umefundishwa upi?"

"Mimi... huu."

"Basi na sisi huo huo. Tusije tukaharibu mambo ya watu."

Usicheke. Wanawake watano wazima, wafumaji wa miaka na miaka, walikaa wiki mbili wakijitesa kufunga kwa mkono usio wao, wakiamini ndio ufundi wenyewe. Mwenyekiti alijifunga kidole chake mwenyewe ndani ya fundo, ikabidi ukanda ukatwe. Redio alianza kupigia hata mswaki kwa shoto, apate mazoezi. "Hawa Wajapani sijui walizaliwa vipi," alilalamika akinyonya kidole gumba. "Ndiyo maana wameendelea. Wanafanya kila kitu kwa njia ngumu."

Na mtu mmoja wa shoto wa kuzaliwa, mmoja tu kwenye karakana nzima, alikaa dirisha la mwisho akifuma taulo. "Mimi niacheni," Dada alisema walipomwita. "Nishaambiwa mkono wangu ni mlegevu. Na kwa Kiingereza nikaambiwa."

Mwisho wa wiki ya kwanza Mwenyekiti akasoma tangazo, safari hii bila raha. Dada anaacha kazi mwisho wa mwezi. Anakwenda kumsaidia mumewe kwenye duka lake la dobi, atakuwa anakunja mashuka. Na kwa kuwa bomba la maji liko chini ya dirisha lile, mapipa ya nili yatakaa pale. Fundi seremala atakuja kuufungua mtambo vipande vipande.

Mtambo ule ndio ambao Kitinda aliukalia, mbele ya Dada, akiwa na miaka kumi na miwili, miguu haifiki chini.

Alikwenda kwa Dada Jumapili kusema. Amejipanga, maneno yote ameyapanga. Shemeji akafungua mlango, amefurahi kama mtu aliyepandishwa cheo. "Mwalimu! Karibu, karibu. Umesikia dada yako anahamia kwangu rasmi? Miaka yote nalala na bosi, sasa nitamwajiri." Dada akaleta chai. Akauliza habari za watoto. Akauliza kama vidole vinamuuma, akavishika, akavikanda kimoja kimoja. Kitinda akanywa chai ile, akasema imekolea, akaondoka.

Wiki ya mwisho, Alhamisi, darasa likiendelea, Dada alikuja akasimama nyuma yao, taulo begani. Alitazama kwa muda mrefu.

"Ajabu," alisema.

"Nini, Dada?"

"Na hao Wajapani wanafunga kwa shoto. Hii shoto yangu mimi nimezaliwa nayo." Hakuwa na hasira hata kidogo. Aliuliza kama mtu anayetafuta funguo zake. "Sasa mimi nilikosea wapi? Hebu niambie wewe uliyesoma. Nisije nikaenda kukunja mashuka ya watu bila kujua."

Wote wakamgeukia mwalimu.

"Ni... ukazaji tu, Dada," Kitinda alisema. "Ukazaji."

"Ah. Ukazaji." Dada akatikisa kichwa, ameelewa, akarudi dirishani kwake.

Kubadilisha lebo kulikuwa kosa la dakika. Hili la ukazaji alilisema akimtazama machoni. Kitinda alikwenda nyumbani na hakuweza kumeza chakula, si kwa sababu ya huzuni bali kwa sababu kila alipofungua mdomo alilisikia lile neno.

Ijumaa asubuhi seremala alifika na nyundo na kopo la kutilia misumari ya mbao. Dada alikuwa ameshaukata mtande wake wa mwisho, anaukunja. Darasa lilikuwa kando ya nguzo zao, wote kwa shoto. Seremala akapiga kigingi cha kwanza cha mtambo. Ko. Akapiga tena. Ko.

"Acheni!" Kitinda alisema.

Seremala akasimama na nyundo hewani.

"Acheni kushoto," Kitinda akasema, sasa akiwageukia wenzake, maana ilikuwa rahisi kuanzia huko. "Kasuri haina mkono. Sensei mwenyewe anafunga kwa kulia."

"Ati?" Redio akasimama wima. "Kidole gumba hiki kimevimba wiki mbili! Siwezi hata kufunga zipu! Halafu unaniambia Sensei wako anafunga kwa kulia?"

"Mimi ndiye niliyefunga kwa shoto. Kwa sababu sampuli ilifungwa kwa shoto."

"Sampuli yako."

"Haikuwa yangu."

Duka la chini likasikika, mtu anahesabu mabati. Dada alikuwa ameshikilia mtande wake kifuani kama mtoto mchanga.

"Nilibadilisha lebo," Kitinda alimwambia. "Kwenye kaunta ya vifurushi. Ile iliyosifiwa ilikuwa yako. Legevu ilikuwa yangu. Na jana nilikudanganya tena."

"Nifungue au nisifungue?" seremala akauliza. Akaweka nyundo chini polepole, akajifanya anatafuta kitu ndani ya kopo.

Dada aliweka mtande juu ya mtambo. Sauti yake haikupanda.

"Nimebadilisha miwani, Kitinda. Unajua? Daktari wa macho ananiambia, mama, macho yako ni yale yale, hayajabadilika. Mimi nabishana naye. Namwambia hapana, daktari, nina ushahidi. Nimelazimisha mpaka akaniandikia nyingine." Aliivua. "Hii hapa. Inaniumiza kichwa tangu siku ya kwanza. Nikasema ndiyo uzee."

"Dada..."

"Usiniite sasa hivi."

Alichukua mkoba wake, akatoka. Ngazi ya chuma ikalia hatua kwa hatua mpaka chini.

Mwenyekiti hakupiga kelele. Alimkalisha Kitinda mezani akamwandikisha barua kwa Sensei, yote, lebo na shoto na kichupa cha dawa, kisha akaisoma kwa sauti mbele ya wote kabla ya kuituma. Kitinda alisikiliza kila neno. Redio, kwa mara ya kwanza katika historia ya karakana, hakuwa na la kuongeza. Alikuwa anafunga kwa kulia, na mafundo yake yalikuwa mazuri, na hilo lilimkasirisha zaidi. Seremala alikirudisha kile kigingi mahali pake akaenda zake.

Jumamosi Kitinda alikwenda kugonga mlango. Shemeji akafungua, safari hii bila utani.

"Yupo?"

"Yupo. Hataki kukuona." Akajikuna shingo. "Ila kasema nikuulize kama unakula."

"Mwambie nakula."

Shemeji akamtazama. "Nitamwambia huli," alisema, akafunga mlango.

Jumatatu Dada hakuja. Jumanne hakuja. Kitinda alifuta vumbi kwenye mtambo wa dirisha la mwisho, akaacha kufuta, akaona kama anajipendekeza kwa mbao.

Jumatano ngazi ililia, na kila mtu aliijua miguu ile. Dada aliingia na miwani yake ya zamani puani. Akawasalimia wote kwa ujumla. Hakwenda mtamboni. Alikwenda moja kwa moja kwenye nguzo mbili, akaupapasa mtande uliovutwa pale, akaona uzi uliolegea kabla mtu yeyote hajauona, akaukaza. Kisha akanyoosha mkono bila kugeuka.

"Mkasi wangu."

Kitinda akautoa mfukoni, akampa. Dada akaukagua mpini, kama uzi mwekundu ungalipo. Akavuta kigoda, akakaa. Kitinda akavuta cha kwake, akakaa pale alipozoea tangu utotoni, upande wa pili, uso kwa uso.

"Siyo huko," Dada alisema. "Njoo huku upande wangu. Huko umeona vitu kinyume vya kutosha."

Akazunguka. Wakakaa bega kwa bega, na bega la Dada halikusogea kumpa nafasi, wala halikuondoka.

"Funga."

Kitinda akachukua ukanda. Mkono wa kushoto ukatangulia wenyewe, umezoea. Dada akaupiga kofi dogo, kama la kufukuza nzi.

"Huo siyo wako. Huo ni wangu. Funga kwa mkono wako."

Akahamishia kulia. Mkono wa kulia haukuwa umemaliza fundo hata moja tangu ile Jumamosi ya nondo za dirisha, na ulikuwa na haraka yake ile ile. Akaviringisha, akakaza, akatia mkia ndani. Chumba kizima kilikuwa kinajifanya kinafuma.

Dada akaweka ukucha juu ya fundo, akabonyeza. Akalikata kwa mkasi, ukanda ukaanguka sakafuni.

"Legevu," alisema. "Anza tena tangu mwanzo."

Kitinda akaokota ukanda mwingine, akaanza.